Kusugua Mabomba Msibani

Kesho yake baada ya kumzika mume wangu, nilivuka miguu ya wanawake waliokuwa wamelala chini sebuleni kwa mama mkwe, nikatoka nje kwenda kusafisha mabomba ya moshi ya gari.

Najua inavyosikika. Nimeisimulia mara chache tu maishani, na kila mara anayenisikiliza husubiri mwishoni nimwambie kwa nini. Sina cha kumwambia. Nakumbuka baridi ya asubuhi ile, ule upepo wa Kongwa wa mwezi wa saba unaopenya hadi kwenye mifupa, na nakumbuka kwamba nilikuwa nimevaa ndala zisizo jozi, moja yangu na nyingine ya wifi yangu. Lakini kilichokuwa kichwani mwangu sikikumbuki, na siku hizi nina mashaka kama kulikuwa na kitu.

Gari lilikuwa letu kwa miaka michache tu. Ilikuwa ni ile miaka ya ruksa, maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tumevisahau, na watu waliokuwa wakienda kazini kwa baiskeli wakaanza kuulizana habari za magari yaliyotumika kutoka Japani. Mume wangu alikuwa mchoraji ramani katika ofisi moja pale mjini, mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi nyingine. Lilipokuja, lilikuwa dogo, la rangi ya kijivu, na kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na karatasi yenye maandishi ya Kijapani ambayo hatukuibandua kwa kuogopa kwamba labda lilikuwa onyo. Chini nyuma yalichomoza mabomba mawili ya moshi, na midomo yake ilikuwa ya kromu inayong'aa kama kijiko kipya.

Mume wangu hakuwa mtu wa mbwembwe. Suruali zake zilikuwa mbili za kazini na moja ya kanisani. Hata gari lenyewe hakulijali sana. Vumbi la Dodoma lilikaa juu ya boneti mpaka watoto wetu wakachora nyumba na kuku, naye akaziacha zile picha zikae. Ila mabomba. Kila Jumamosi, tukishakunywa chai, alichuchumaa nyuma ya gari na kopo lake la biskuti lililojaa matambara, akayasugua mpaka unaweza kujitazama ndani yake, uso umevimba katikati na masikio yamekimbilia pembeni. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya mlango nikichambua mchele. Huo ndio ulikuwa wakati wetu wa kuzungumza. Siku nyingine zote za wiki alikuwa mkimya kiasi kwamba jirani mmoja aliwahi kuniuliza kama tumegombana.

"Mbona unaosha nyuma tu?" nilimuuliza siku moja.

"Ndoo moja haioshi gari," akasema. "Lakini inaosha mabomba."

"Nani anayaona huko chini?"

"Aliye nyuma."

Sikujua kama anatania. Siku nyingine aliniambia kwamba masizi yakibadilika rangi unajua injini inaumwa, kwa hiyo ni lazima uyatoe yote ili uone mapya. Nikakubali. Kisha nikamsikia akimwambia mgeni kwamba kromu ikishaliwa na kutu hairudi, na hiyo ndiyo sababu pekee. Yote matatu yalikuwa na maana, na nikiyaweka pamoja hayakunipa jibu. Nikaacha kuuliza. Nilidhani tuna muda.

Alianguka ofisini asubuhi, akiwa amesimama mbele ya meza yake ya kuchorea. Nilipofuatwa kazini na kufikishwa hospitali, walikuwa wameshamfunika. Daktari alisema ni shinikizo la damu, akaniuliza alikuwa akitumia dawa gani. Nilimwambia hatumii dawa, hana shinikizo la damu. Daktari akanitazama kwa huruma, akaandika kitu. Mpaka leo sijui kama mume wangu alikuwa anajua na akaninyamazia, au naye hakuwa anajua.

Tulimpeleka kwao, kijiji kimoja upande wa Kongwa. Jeneza lilikwenda kwenye lori la kuazima pamoja na wanakwaya, na mdogo wake mume wangu akaendesha gari letu nyuma ya lori, mimi na watoto tukiwa kiti cha nyuma. Njia nzima tulikula vumbi la lori lile. Shemeji alikuwa akifanya biashara ya alizeti na mahindi, kazi ambayo miaka michache nyuma ingeitwa ulanguzi na kumfikisha polisi na sasa ilimpa heshima. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, mcheshi, mvutaji wa sigara, tofauti kabisa na kaka yake. Siku ile hakusema neno hata moja. Nakumbuka nilitaka sana aseme kitu, chochote, hata habari za bei ya alizeti.

Mimi ni mtu wa Usangi, milimani Upare. Pale msibani watu walilia na kuongea Kigogo, nami nilijua maneno ya kusalimia na ya jikoni tu. Mtu akinijia na "mbukwenyi" nilijua la kujibu. Akiendelea, nilibaki kumtazama midomo. Nilizikiwa mume wangu kwa lugha nisiyoielewa. Wifi yangu alijitahidi kunitafsiria, lakini naye alikuwa amefiwa, akaanza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa kilio.

Basi asubuhi ile nilitoka. Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya tembe la zamani lililokuwa likitumika kama ghala la uwele. Lilikuwa jekundu kwa vumbi, na yale mabomba yalikuwa meusi tititi. Nilifungua buti, ambalo halikuwa likifungwa kwa ufunguo, nikatoa kopo la biskuti. Kisha nikaenda kwenye pipa la maji mlangoni, nikachota ndoo.

Hapo lazima nieleze kuhusu maji. Kijiji kile wakati wa kiangazi maji yalifuatwa mbali, na maji yaliyokuwa kwenye pipa yalikuwa yameletwa vichwani na wanawake wa jirani kwa ajili ya kupikia waombolezaji. Nilijua hilo. Nilikuwa nimewaona jana yake wakija mmoja mmoja na ndoo zao, majani yakielea juu ili maji yasimwagike. Hata hivyo nilichota, nikachuchumaa nyuma ya gari.

Nikafungua kopo. Kulikuwa na fulana yake kuukuu iliyochanwa vipande, mswaki wa zamani, chupa ndogo ya mafuta ya taa iliyozibwa kwa gunzi la hindi, kipande cha sabuni, kopo la dawa nyeupe ya kung'arishia, stilwaya, na rundo la zile karatasi za kung'aa zinazokaa ndani ya pakiti ya sigara. Mume wangu hakuvuta sigara. Niliziangalia karatasi zile kwa muda mrefu.

Halafu nikagundua sijui nianze na nini. Nilikuwa nimekaa pale kwenye ngazi Jumamosi baada ya Jumamosi, nikimtazama, na sasa sikuweza kukumbuka kama mafuta ya taa yalitangulia sabuni au sabuni ilitangulia mafuta ya taa, wala zile karatasi zilikuwa za nini. Nilikumbuka mgongo wake. Nilikumbuka jinsi kola ya shati ilivyokunjamana. Nilikumbuka kwamba alikuwa anasisitiza bomba liwe limepoa kabisa kabla ya kuliwekea mafuta, na hilo tu. Nikaligusa. Lilikuwa la baridi kama jiwe. Nikachukua stilwaya nikaanza kusugua, kavu.

Mama mkwe alitokea jikoni. Sikumsikia mpaka alipochuchumaa pembeni yangu, na mkononi alikuwa na kigae chenye majivu. Alishika bomba la upande wake, akalimwagia maji kwa kiganja, akapaka majivu, akaanza kulisugua kwa gunzi kama anavyosugua sufuria iliyounguza ugali.

"Hili langu," akasema.

Hayo ndiyo maneno pekee aliyosema. Tukasugua. Masizi yalitupaka mpaka kwenye viwiko, maji meusi yakatiririka chini ya gari. Majivu yake yalikuwa na mchanga, nikasikia jinsi yanavyokwaruza kromu, na stilwaya yangu nayo ilikuwa ikikwaruza. Nilijua tunaharibu, na mkono wangu haukusimama.

Wifi yangu alitoka akitafuta ndala yake. Akatuona. Akaita, "Mama! Na wewe?" Kisha akasema mengi kwa Kigogo, na wanawake wengine wakatoka, wakasimama wamejifunga kanga mabegani, wakitazama ndoo. Mmoja wa akina mama wa kanisa alinishika bega akaniambia taratibu, "Mwanangu, twende ndani ukapumzike, akili imechoka." Nilimjibu kwamba nakuja, namalizia tu. Nilisema kwa adabu kabisa, kama mtu aliyeitwa mezani.

Shemeji akaja mbio kutoka kwa wanaume. Alikuwa na funguo za gari mkononi.

"Shemeji! Nani amekwambia uguse gari?"

"Ni machafu," nikasema.

"Nani amekwambia? Kaka hata hajapoa, wewe unasafisha gari? Unataka kwenda wapi nalo?"

"Siendi popote."

"Sasa unalisafishia nini?"

Alinipokonya stilwaya akaitupa. Mama yake hakuinua uso. Aliendelea na gunzi lake. Shemeji akamtazama, akanitazama mimi, na uso wake ukachanganyikiwa kiasi kwamba nilimwonea huruma. Akaondoka akipiga kelele kwa watu ambao hawakumfanyia kosa lolote.

Mpaka jioni kijiji kilikuwa na maelezo. Wengine walisema nimerukwa na akili. Wengine walisema nalitayarisha gari ili nikaliuze mjini kabla ukoo haujakaa. Na jirani mmoja mzee, wifi aliniambia baadaye, alisema kuna kitu kilikuwa kimewekwa ndani ya bomba na mimi nilikuwa nakitoa. Niliyafikiria yote matatu kwa uaminifu. La kwanza ndilo lililoonekana karibu na ukweli, lakini nilikuwa napika, nanyonyesha mdogo, nawajibu watu salamu zao. Nilijiuliza kama mtu anaweza kurukwa na akili upande mmoja tu, kama redio inayokamata stesheni moja na kukosa nyingine.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa kwenye kivuli cha nyumba, juu ya mabenchi ya kanisa. Baba mdogo wa marehemu ndiye aliyeongoza kikao. Alikuwa mpole, na alifanya bidii kusema Kiswahili ili nielewe.

"Mama," akaniambia, "hatukulaumu. Tunataka kuelewa tu. Lile jambo la gari lilikuwa na maana gani?"

Watu wote wakanigeukia. Kaka yangu, aliyetoka Usangi kuniwakilisha, alikaa karibu nami. Nilitafuta jibu kwa dhati. Nilitaka sana kuwapa kitu.

"Yalikuwa meusi," nikasema. "Yeye hakuwa anayaacha yawe meusi."

Baba mdogo akatafsiri. Wazee wakajadiliana, na nilielewa kwamba wanabishana juu ya neno alilolitumia, kama nimesema "meusi" au nimesema "mabaya". Mmoja akadhani nimesema gari lina mkosi. Ilichukua muda kuliweka sawa, na sidhani kama liliwekwa sawa.

Kisha wakasema gari lishikwe na shemeji, alitunze mpaka watoto wakue. Kaka yangu alinikanyaga mguu kwa kiatu chake, kwa nguvu. Baba mdogo akaniuliza kama nina neno.

"Sawa," nikasema.

Kaka yangu hakunisamehe neno hilo kwa muda mrefu. Njiani kurudi Dodoma, kwenye basi, aliniuliza tena na tena: "Kwa nini ulisema sawa? Wewe ni msomi, unafanya kazi ofisini, haki zako unazijua." Nilimwambia nitamweleza tukifika. Tulifika, nikampikia, akalala, kesho yake akapanda basi la Moshi bila kupata maelezo. Haikuwa uoga. Wala haikuwa ukarimu. Walisema gari, nikasikia kama wanazungumzia gari la mtu mwingine.

Baadaye, nyumbani kwetu Makole, Jumamosi ndizo zilizonisumbua. Nilikuwa nachambua mchele, nainua kichwa kusema kitu, na pale uani panakuwa na doa la mafuta tu kwenye udongo. Mwanangu mkubwa aliniuliza gari limekwenda wapi, nikamwambia limekwenda na baba yake mdogo. Akauliza, "Na baba amekwenda na gari gani?" Nilimwambia aende akacheze.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Jumamosi moja nikasikia honi. Niliijua honi ile, na kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko pumzi, nilisimama kwenda kumfungulia mume wangu geti. Alikuwa shemeji. Alikuwa amekonda na ndevu zimemwota. Nilijiandaa kugombana. Nilidhani baada ya gari sasa amefuata jokofu letu.

"Hodi, shemeji."

"Karibu ndani."

"Siingii. Njoo uone."

Alinipeleka nyuma ya gari. Mabomba yalikuwa yameganda masizi, na chini ya masizi niliona mistari mirefu.

"Nimejaribu," akasema. "Nimejaribu petroli, nimejaribu msasa. Hayatoki. Kila ninapopita, Kongwa, Mpwapwa, Gairo, mtu aliyemjua kaka ananiuliza mbona mabomba yako hivi. Hawaniulizi kitu kingine."

"Msasa, shemeji? Umetoa kromu yote hapa."

"Na hii mikwaruzo ya huku?"

"Hiyo ni ya mama na majivu yake."

Alicheka, ile sauti yake kubwa ya zamani, halafu cheko likageuka katikati ya njia na akaweka mkono machoni. Desturi yetu ya Upare ingenielekeza jambo moja na ya kwao jambo jingine, na mimi nikaenda ndani nikaleta maji kwenye ndoo.

Kopo la biskuti lilikuwa bado ndani ya buti. Tukachuchumaa.

"Alikuwa anaanza na nini?" akaniuliza.

"Na mafuta ya taa, nafikiri."

"Hapana. Alianza na sabuni. Nilimwona kwa macho yangu."

"Wapi?"

"Nyumbani. Kila alipokuja kumwona mama alikuwa akiyasafisha kabla ya kuondoka. Sabuni kwanza."

"Hapa alianza na mafuta ya taa."

Ilinichoma, na ni jambo dogo sana kuchomwa nalo. Niliona wivu juu ya kipande cha sabuni. Kumbe alikuwa na namna nyingine ya kufanya kitu kile kile huko kwao, mbele ya watu wengine, na mimi sikujua. Au mimi ndiye niliyekuwa nimekosea siku zote, kwa kutazama mgongo badala ya mikono. Tuliamua kwamba yeye aanze na sabuni kwenye bomba lake, nami nianze na mafuta ya taa kwenye langu. Yote mawili yalitoka vilevile, nusu nusu.

Kisha akaziona karatasi za sigara.

"Hizi ni zangu!" akasema. "Alikuwa ananiomba. Kila pakiti ikiisha, nipe hiyo karatasi ya ndani. Nilidhani ni za watoto kuchezea."

"Watoto hawajawahi kuziona."

"Sasa ni za nini?"

Alilowesha moja akaifinyanga, akasugua nayo mahali palipokuwa na madoa ya kutu. Pakatoka uji mweusi. Akapangusa kwa fulana, na chini yake kromu ikang'aa, safi, bila mkwaruzo. Akajaribu pengine, pakang'aa vilevile. Tukagawana karatasi zile, tukasugua mpaka zikaisha, tukapaka dawa nyeupe, tukapangusa. Palipopitiwa na msasa hapakurudi. Palibaki pamefifia, kama kioo kilichopumuliwa. Hayakuwa kama aliyokuwa akiyaacha yeye, lakini mtu angeweza kuyatazama.

"Siku ile kule nyumbani," shemeji akasema akiwa bado anapangusa, "nilipiga kelele kwa sababu niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Alifikiri. "Sijui. Nilikuona wewe na mama mmechuchumaa pale kama watu wanaofanya kazi ya kawaida, nikaogopa. Nilidhani nyinyi wawili mnajua kitu ambacho mimi sikijui."

"Hatukujua kitu."

"Mama naye alisema hivyo hivyo."

Nilidhani ataniachia funguo siku ile. Kila kitu kilikuwa kimekaa vizuri kwa jambo hilo. Alinawa mikono, akanywa chai, akawapa watoto pipi, akaingia kwenye gari akaondoka nalo. Nilibaki getini na tambara mkononi, sijui kama nimeibiwa au nimetembelewa.

Alikuja tena Jumamosi nyingine, na nyingine, sio zote. Alileta karatasi zake za sigara kwenye mfuko wa shati. Hatukuwahi kuzungumzia gari ni la nani. Halafu, mvua zilipokolea, alilileta likiwa na tope mpaka madirishani, akaweka funguo kwenye meza ya chakula, akasema anakwenda upande wa Shinyanga kujaribu biashara nyingine.

"Litakaa hapa," akasema.

"Mpaka lini?"

"Shemeji, na wewe," akasema, kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto, akaenda kupanda basi. Hakulifuata tena. Yule baba mdogo wa marehemu alipokuja mjini aliliona uani, akalizunguka, akatikisa kichwa, akanywa chai, na habari hiyo ikaishia hapo. Kikao kilichokuwa kimekaa juu ya mabenchi ya kanisa hakikukaa tena kulirudisha, wala hakuna aliyesema kwamba limerudishwa.

Mwaka uliofuata mama mkwe alikuja kwangu kutibiwa macho. Alikaa majuma kadhaa. Alichukia ugali wangu wa mahindi, akanifundisha kusonga wa uwele na kupika mlenda unaovutika vizuri, na tukazoeana namna ambayo mwanawe akiwa hai hatukuwahi kuzoeana, kwa Kiswahili chake cha kukatakata na Kigogo changu cha jikoni. Siku moja nilipata ujasiri.

"Mama, siku ile msibani, kwa nini ulikuja kusugua na mimi?"

Alinigeuzia uso, jicho moja likiwa na bandeji.

"Si uliniita?"

"Mimi?"

"Uliniita. Ulisema, mama njoo. Nikaja."

"Sikusema kitu, mama."

"Ulisema. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia. Nikasema anataka majivu, nikachukua majivu."

Nilimuuliza wifi baadaye, kwa kuwa ndiye aliyelala karibu na mlango. Alisema hakusikia mtu akiita. Lakini wifi alikuwa amelala. Na mimi mwenyewe, kama nilivyosema, sikumbuki kilichokuwa kichwani mwangu. Nani atajua kilichotoka mdomoni. Nimejaribu mara nyingi kuisikia sauti yangu ikisema maneno hayo mawili. Kuna wakati naisikia, halafu nashuku kwamba ni kwa sababu nimeambiwa.

Gari lilikaa uani bila dereva mpaka tairi moja likalala. Mwishowe dereva wa ofisini kwetu, mtu mzima mwenye subira, alinifundisha kuendesha jioni baada ya kazi, kwenye kiwanja kilichokuwa wazi nje ya mji, mahali ambapo sasa pana majengo. Nililia mara nyingi kwenye kiwanja kile kwa sababu ya klachi, na dereva yule alikuwa akitazama dirishani kwa heshima mpaka nimalize. Kwenye mabomba nilijizoesha kuanza na sabuni wiki moja na mafuta ya taa wiki nyingine.

Mara ya kwanza kuliendesha safari ndefu peke yangu ilikuwa wakati wa mavuno, kwenda kumwona mama mkwe. Nilikwenda polepole kiasi kwamba malori yote yalinipita yakinipigia honi. Nilipofika nilisahau kukanyaga klachi, gari likaruka na kuzimika lenyewe mbele ya mlango. Wifi akatoka akijifuta mikono.

"Nani amekuleta?" akauliza.

"Nimekuja mwenyewe."

Alinitazama, akatazama usukani, kisha akainama akachungulia kiti cha nyuma, akahakikisha hakuna mtu.

"Mama yuko shambani," akasema. Nikafunga kanga kiunoni, nikapokea kisu alichonipa, tukaenda wote kukata uwele.